Ijue EVE Online, dunia ya nyota ambako mgeni hufundishwa kwa kupoteza

SAA nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki, ulimwengu wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000 huzimwa kwa dakika chache, hufanyiwa usafi, kisha huwashwa tena. Huo ndio utaratibu wake wa kawaida wa kila siku.

Katika dakika hizo marubani kutoka pande mbalimbali za dunia hutolewa nje ya vyombo vyao na kusubiri mlango ufunguliwe. Ukishafunguliwa, wapo wanaorejea migodini, wapo wanaorejea sokoni na wapo wanaorejea vitani.

Huo ni mchezo wa kompyuta uitwao EVE Online, uliotengenezwa na kampuni ya CCP Games ya mjini Reykjavik, nchini Iceland, na kuzinduliwa Mei mwaka 2003.

Ni miongoni mwa michezo inayochezwa kupitia intaneti na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, unatofautiana na mingi ya aina yake kwa jambo moja kubwa: kilichopotea humo kimepotea, na anayekupora mara nyingi si kompyuta bali ni binadamu mwenzako.

Kwa mgeni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo ataendelea au atafunga kompyuta katika wiki ya kwanza na asirudi tena. Ndiyo pia inayomfanya ajifunze, kwa gharama ndogo au kubwa, masomo kuhusu fedha, uaminifu na tahadhari ambayo hayaishii ndani ya kompyuta.

Ulimwengu mmoja kwa wote

Michezo mingi ya namna hii hugawa wachezaji katika nakala nyingi za dunia ileile. Ndugu wawili wanaweza kununua mchezo mmoja lakini wasikutane kamwe, kwa sababu kila mmoja yuko katika seva yake.

EVE Online haina mgawanyo huo. Wachezaji wake karibu wote, isipokuwa wale wa China ambao wana seva yao, huishi katika seva moja iitwayo Tranquility, iliyoko London, Uingereza. Mei 5 mwaka 2013, siku chache baada ya CCP kukusanya mashabiki wake mjini Reykjavik kuadhimisha miaka 10 ya mchezo huo, wachezaji 65,303 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja.

Matokeo yake ni kwamba tendo la mtu mmoja huweza kuwagusa wote. Mfanyabiashara anayenunua shehena yote ya madini leo huwapandishia bei watu asiowajua, na vita vinavyopiganwa kusini mwa ramani husababisha uhaba wa vifaa kaskazini.

Saa inayotumika mchezoni ni ile ya Greenwich, na seva huzimwa inapotimia saa tano asubuhi kwa saa hiyo. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, hiyo ndiyo saa nane mchana.

Umbali kutoka seva hiyo hauwaumizi sana wachezaji wa ukanda huu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti yalipita kwenye setilaiti na yalichelewa kiasi cha kuufanya mchezo wowote wa kulenga shabaha usichezeke. Katika EVE Online, seva hukokotoa matukio mara moja kwa kila sekunde, hivyo anayeshinda si mwenye kidole chepesi bali ni aliyejipanga kabla.

Mgeni anavyopokewa

Anayeingia kwa mara ya kwanza hutakiwa kuchagua asili yake kati ya mataifa manne. Amarr ni dola ya kidini iliyojengwa juu ya utumwa, na Minmatar ni watu waliojikomboa kutoka katika utumwa huo. Caldari ni taifa linaloongozwa na makampuni makubwa, wakati Gallente ni shirikisho linalojivunia demokrasia.

Uchaguzi huo haumfungi mtu. Rubani mwenye asili ya Minmatar anaweza kujifunza kurusha vyombo vya Amarr na kuishi popote anapotaka.

Baada ya kujipa jina na sura, mgeni hukabidhiwa chombo kidogo cha bure. Chombo hicho ni dhaifu, lakini kina sifa moja inayofariji: akikipoteza na akiwa hana kingine, hupewa kipya kituoni bila malipo. Hakuna, kwa maana hiyo, anayefukarika hadi akashindwa kuanza upya.

Hufuata mafunzo mafupi ya kuruka, kulenga na kutia nanga. Yakiisha, huelekezwa kwa mawakala wanaotoa kazi za majaribio katika fani mbalimbali, zikiwamo za kupigana, kuchunguza anga, kuchimba na kutengeneza bidhaa. Wachezaji wazoefu huwashauri wageni wasiziruke kazi hizo, kwa kuwa malipo yake ni pamoja na vyombo na vifaa ambavyo vingewagharimu siku kadhaa za jasho.

Hapo ndipo maelekezo yanapokoma. Hakuna hadithi ya kufuata hadi mwisho, hakuna adui mkuu wa kumshinda, wala hakuna siku ambayo mtu atatangaziwa kuwa amemaliza. Mgeni aliyezoea kuelekezwa kila hatua huachwa katikati ya anga akijiuliza afanye nini, na ni hapo wengi hukata tamaa.

Ujuzi unaoiva ukiwa umelala

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni namna rubani anavyopata uwezo. Katika michezo mingi, mtu huongezeka nguvu kwa kuua maadui wengi. Katika EVE Online, ujuzi huiva kwa muda halisi wa saa ya ukutani.

Kila ujuzi una ngazi tano. Ya kwanza huweza kuchukua dakika chache, lakini ya tano katika ujuzi mgumu huchukua siku nyingi na hata wiki. Mchezaji hupanga foleni ya masomo, akazima kompyuta na kwenda zake kazini, na masomo yakaendelea.

Utaratibu huo unamlinda mtu mwenye kazi na familia, kwa kuwa hapitwi na asiyekuwa na shughuli. Kwa upande mwingine, aliyeanza mwaka 2003 alijikusanyia miaka mingi ya ujuzi ambayo mgeni hawezi kuifikia kwa kukesha. Tangu Februari mwaka 2016 imewezekana kununua ujuzi uliotolewa kwa rubani mwingine, hatua iliyozua mjadala mkali miongoni mwa wachezaji wa zamani.

Hata hivyo, pengo hilo si kubwa kama linavyoonekana. Kila chombo hutumia ujuzi wa aina chache tu. Mkongwe anayeendesha manowari ndogo haongezewi kitu na ujuzi wake wa kuendesha jahazi kuu la vita, hivyo mgeni wa miezi michache aliyechagua eneo moja anaweza kusimama naye bega kwa bega katika eneo hilo.

Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika anga hii, jembe la mgeni mara nyingi ni chombo kidogo cha uchimbaji kiitwacho Venture, ambacho mtu huweza kukiendesha katika siku zake za mwanzo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Rubani huruka hadi kwenye mkanda wa miamba inayoelea, huelekeza miale kwenye mwamba, husubiri tangi lijae, kisha hurudi kituoni kuuza au kuyeyusha. Mwamba wa kawaida kuliko yote huitwa Veldspar, na ukiyeyushwa hutoa madini ya Tritanium ambayo huhitajika katika karibu kila kitu.

Umuhimu wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa takriban vyombo vyote, silaha zote na risasi zote zinazouzwa sokoni zimetengenezwa na wachezaji wenyewe kutokana na madini yaliyochimbwa na wachezaji wengine. Mchimbaji mdogo wa wiki ya kwanza ndiye mwanzo wa mnyororo unaoishia kwenye jahazi kubwa la vita.

Kariakoo ya angani

Bidhaa hizo huishia sokoni, na soko kuu kuliko yote liko katika mfumo wa nyota uitwao Jita, kwenye kituo kilicho karibu na mwezi wa nne wa sayari ya nne.

Watengenezaji hawakuipanga Jita iwe soko kuu. Wauzaji walikwenda kwa kuwa wanunuzi walikuwapo, nao wanunuzi walikwenda kwa kuwa wauzaji walikuwapo, kama ilivyo kwa Kariakoo. Na kama Kariakoo, ni mahali pa bei nzuri, msongamano na mikono myepesi.

Fedha ya humo huitwa ISK, herufi ambazo pia ndizo kifupisho cha kimataifa cha sarafu ya Iceland. Bei hazipangwi na kampuni bali hupanda na kushuka kwa nguvu ya soko. Mwaka 2007 CCP ilimwajiri mchumi, Dk. Eyjólfur Guðmundsson, kufuatilia mwenendo wa uchumi huo, na imekuwa ikitoa taarifa zake mithili ya benki kuu. Mwaka 2014 mchumi huyo aliondoka na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri.

Fedha ya mchezo imeunganishwa na fedha halisi kwa njia moja iliyoruhusiwa. Mwaka 2008 CCP ilianzisha hati iitwayo PLEX. Mchezaji mwenye dola huinunua kwa kampuni, kisha akitaka humuuzia mwenzake kwa ISK, na huyo wa pili huitumia kulipia muda wake wa kucheza bila kutoa senti mfukoni.

Kwa sababu hiyo kila kitu cha humo kina bei inayoweza kukadiriwa kwa dola, hata kama hakiruhusiwi kuuzwa kwa dola. Kuuza ISK kwa fedha taslimu nje ya utaratibu huo ni marufuku, na adhabu yake huweza kuwa kufungiwa kabisa.

Kuhusu gharama ya kuingia, tangu Novemba mwaka 2016 mtu anaweza kucheza bure, ingawa baadhi ya ujuzi na vyombo vikubwa hufunguliwa kwa wanaolipia pekee. Ada ya mwezi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 14.95 za Marekani, ilipandishwa Mei mwaka 2022 hadi dola 19.99. Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni mgeni acheze bure kwa wiki kadhaa kabla ya kufungua pochi.

Polisi wasiozuia

Kila mfumo wa nyota una kiwango cha usalama kilichoandikwa kwa namba, na mgeni asiyeisoma namba hiyo ni sawa na dereva asiyesoma alama za barabarani.

Mifumo yenye kiwango cha 0.5 hadi 1.0 ni ya usalama wa juu. Humo kuna jeshi la polisi liitwalo CONCORD, ambalo huteketeza chombo cha yeyote anayemshambulia mwingine bila haki. Kati ya 0.1 na 0.4 polisi hao hawaji, na mlinzi pekee ni mizinga iliyowekwa kwenye malango na vituo. Kwenye 0.0 na kushuka chini hakuna sheria ya dola yoyote, na ardhi ni ya aliyeweza kuishika.

Kosa la kawaida la mgeni ni kudhani usalama wa juu maana yake ni usalama kamili. CONCORD huadhibu, haizuii. Hufika baada ya sekunde kadhaa, na sekunde hizo humtosha mshambuliaji aliyekwisha kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Iwapo chombo cha mizigo kina shehena yenye thamani kubwa kuliko vyombo vya washambuliaji, hao wako tayari kuteketezwa na polisi ili mwenzao apite nyuma akaokote. Sehemu ya shehena huungua na nyingine hubaki ikielea, na kwa kinachobaki wao hupata faida.

Ndiyo maana mzigo wa thamani hausafirishwi wote katika safari moja, wala rubani mwenye busara hamwachii chombo kijiendeshe chenyewe huku akienda kupika chai. Kikijiendesha, chombo huibuka mbali kidogo na lango na kulifuata polepole, na mwendo huo ndio maharamia wanaousubiri.

Tangu Machi mwaka 2009 kuna pia mifumo zaidi ya 2,000 isiyo na malango ya kudumu, inayofikiwa kupitia matundu yanayofunguka na kujifunga. Humo hata orodha ya waliopo, ambayo sehemu nyingine humwonya rubani kwamba hayuko peke yake, haionekani.

Chombo cha kwanza kupotea

Chombo kikilipuka, rubani hutoka akiwa ndani ya kapsuli ndogo. Nayo ikilipuliwa, huzinduka katika nakala ya mwili wake iliyohifadhiwa kituoni. Ujuzi wake hubaki, lakini chombo, mizigo na vipandikizi vilivyokuwa kichwani mwake vimekwenda.

Bima ipo, lakini hurejesha sehemu ya thamani ya chombo pekee, si ya vifaa vilivyofungwa ndani yake wala mizigo.

Kutokana na hilo ipo kanuni ambayo karibu kila mgeni huambiwa siku ya kwanza na wengi huielewa baada ya msiba: usirushe chombo ambacho huwezi kumudu kukipoteza. Wapo waliokusanya kwa miezi miwili wakanunua manowari moja kubwa kwa akiba yote, wakaipoteza jioni ileile na hawakuonekana tena.

Wanaodumu ni wale wanaohesabu chombo kama gharama ya kazi, mithili ya mafuta ya gari. Baadhi ya vikundi vinavyopokea wageni huwagawia vyombo vya bei ndogo na kuwapeleka vitani makusudi ili wavipoteze mapema, hofu iwatoke.

Utapeli usio kosa

Eneo linalozua mjadala mkubwa ni lile la udanganyifu. Kwa kanuni za CCP, kudukua akaunti ya mtu au kumtisha katika maisha yake halisi ni makosa. Lakini kumdanganya kwa maneno, kuvunja ahadi na kuiba mali ya kikundi ulichoaminiwa nacho ni sehemu ya mchezo.

Katika mazungumzo ya wazi ya Jita, mgeni husoma ujumbe unaomtaka atume fedha arudishiwe maradufu. Akituma kiasi kidogo hurudishiwa kweli, apate moyo. Akituma kikubwa, kimya. Anayefahamu upatu, au aliyewahi kupokea ujumbe wa simu usemao "ile pesa itume kwenye namba hii", ataitambua sura hiyo hata ikiwa imevaa mavazi ya anga.

Wengine huweka mkataba wa kuuza chombo cha thamani, kumbe kilichomo ni cha aina nyingine inayofanana kwa jina au picha. Kinga yake ni kusoma mkataba hadi mwisho kabla ya kubonyeza.

Tukio lililoutangaza zaidi mchezo huo lilitokea mwaka 2005. Kikundi kilichojiita Guiding Hand Social Club kilikodiwa na mchezaji mmoja kuiangusha kampuni ya mwenzake. Wapelelezi wake waliomba kazi humo, wakatumika kwa uaminifu kwa takriban mwaka mzima, wakapandishwa vyeo na kukabidhiwa funguo za maghala. Siku ilipofika walikilipua chombo cha kiongozi na kusomba mali iliyokadiriwa kufikia dola 16,500. Kampuni ya CCP haikurejesha kitu, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa.

Mwaka 2009 mambo yalikuwa tofauti. Kiongozi wa benki iliyoanzishwa na wachezaji alichota takriban ISK bilioni 200 za wateja na kuziuza kwa fedha halisi. Yeye mwenyewe aliviambia vyombo vya habari wakati huo kwamba alikuwa na malipo ya nyumba na gharama za matibabu ya mwanawe. Wenye akiba walikimbilia kutoa fedha zao, kama ilivyo kwa benki yoyote iliyopoteza imani. Alifungiwa, lakini si kwa kuiba. Kosa lake lilikuwa kuuza ISK nje ya utaratibu.

Wanaotetea mfumo huo husema uaminifu una thamani humo kwa sababu usaliti unawezekana. Wanaoupinga husema unawafundisha watu ukatili na kuwaita werevu. Kwa mgeni, la msingi ni kujua mapema ameingia katika nyumba ya namna gani.

Deni lililosahaulika

Nje ya maeneo ya polisi, miungano ya maelfu ya wachezaji hugombea mifumo ya nyota. Ina viongozi, mabalozi, wahasibu na wapelelezi.

Vita iliyoufikisha mchezo huo katika magazeti ya dunia ilianza Januari 27 mwaka 2014 katika mfumo uitwao B-R5RB. Ada ya kushikilia mfumo huo haikulipwa kwa wakati, umiliki ukaanguka, na wapinzani wakaliona hilo kabla wenyewe hawajaliziba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mapigano yaliendelea kwa saa 21 na kuwahusisha washiriki 7,548. Msongamano ulikuwa mkubwa hata seva ikapunguza mwendo wa muda, utaratibu ambao huweza kuifanya sekunde moja ya mchezo ichukue sekunde 10 za kweli, ili kila amri itekelezwe. Yalipoisha, majahazi 75 ya aina ya Titan, makubwa kuliko yote mchezoni, yalikuwa yameteketea. Hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa katika mapigano ya mwishoni mwa mwaka 2020 katika mfumo wa M2-XFE.

Katika vita kama hivyo, mgeni hana haja ya kuwa na Titan. Hupewa manowari ndogo na kazi ya kumshikilia adui asikimbie mpaka wakubwa wafike. Ni kazi ya dakika chache kabla hajalipuliwa, lakini bila yake wakubwa hawana wa kumpiga.

Wachezaji na watawala

Tangu mwaka 2008 wachezaji huchagua kwa kura baraza la kuwawakilisha mbele ya CCP. Baraza halina mamlaka ya kuamuru, lakini husikilizwa.

Uzito wa sauti ya wachezaji ulionekana katikati ya mwaka 2011, kampuni ilipoanza kuuza mapambo ya rubani, likiwamo jicho la kioo lililogharimu zaidi ya dola 60. Wachezaji walifurika Jita na kuufyatulia risasi mnara uliopo hapo, huku wengi wakiacha kulipa ada. Oktoba mwaka huo Mtendaji Mkuu, Hilmar Veigar Pétursson, aliomba radhi kwa maandishi, na kampuni ikatangaza kupunguza takriban asilimia 20 ya wafanyakazi wake. Mwaka 2018 CCP ilinunuliwa na kampuni ya Pearl Abyss ya Korea Kusini.

Asiye na wenzake

Iwapo lipo jambo moja linalowatenganisha wageni waliodumu na walioondoka, ni kupata wenzao mapema. Anga hii kwa mtu aliye peke yake ni pana, kimya na ya kuchosha.

Zipo kampuni za wachezaji zilizoundwa kwa ajili ya kulea wageni. Ya zamani na maarufu ni EVE University, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo huendesha madarasa na kuandika miongozo inayosomwa hata na wasio wanachama. Lugha za mchezo ni pamoja na Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kirusi. Kiswahili hakimo, hivyo mgeni wa ukanda huu huhitaji Kiingereza cha kutosha kufuata amri zinazotolewa kwa sauti.

Dalili za kikundi chema ni chache. Hakimdai mgeni fedha kama sharti la kujiunga, hakimtaki ahamishie mali yake yote kwa mtu mmoja, na kina watu wanaojibu maswali katika saa ambazo yeye huwapo.

Urafiki unaojengwa humo huvuka mipaka ya kompyuta. Septemba 11 mwaka 2012, Sean Smith, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliuawa pamoja na Balozi Christopher Stevens katika shambulio mjini Benghazi, Libya. Ndani ya EVE Online alijulikana kwa jina la Vile Rat, mwanadiplomasia mahiri wa muungano wa Goonswarm na mjumbe wa zamani wa baraza la wachezaji.

Waliokuwa marafiki zake na waliokuwa maadui zake walivipa vituo vyao majina ya kumkumbuka, wakasitisha uhasama kwa muda na kuichangia familia yake. Wengi wao hawakuwahi kumwona uso kwa uso.

Mchezo na zaidi ya mchezo

Mwaka 2012 Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York liliutangaza EVE Online kuwa miongoni mwa michezo 14 ya kwanza ya kompyuta kuingizwa katika hazina yake. Mwaka 2014 mnara wenye majina ya wachezaji ulizinduliwa bandarini Reykjavik.

Tangu mwaka 2016 wachezaji pia wamesaidia kazi za kisayansi wakiwa ndani ya vyombo vyao. Walianza kwa kuchambua picha za protini za mwili wa binadamu, mwaka 2017 wakatafuta sayari zinazozunguka nyota za mbali, na mwaka 2020 wakachambua takwimu za chembe za damu kusaidia utafiti wa ugonjwa wa Covid-19. Malipo yao yalikuwa ISK.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo ya kushika ni machache. Aanze bure. Amalize kazi za mawakala. Asome namba ya usalama kabla ya kuvuka lango. Swichi ya usalama, ile inayomzuia kutenda kosa litakaloita polisi, aiache kwenye rangi ya kijani mpaka ajue kwa nini anaibadili. Atafute kikundi ndani ya wiki ya kwanza. Na aweke kikomo cha saa na fedha mapema, kwa kuwa mchezo usio na mwisho hautamwambia lini inatosha.

Chombo chake cha kwanza kitalipuka, hilo halina shaka. Kesho yake saa nane mchana ulimwengu utazimwa na kuwashwa tena, na mlango utakuwa wazi kwa atakayetaka kurudi.